Je, Ni Dhambi Kuigiza Mumiani?

Mwezi uliopita, baada ya Misa ya pili, mama mmoja alinishika mkono pale mlangoni mwa kanisa akaniambia, "Mwalimu, naomba unisaidie. Mwanangu na wenzake wanacheza umumiani nyumbani kwangu." Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamwuliza, "Wanacheza nini?" Akajibu, "Umumiani, Mwalimu. Wanakaa mezani, wanatupa dadu, kila mmoja anaeleza jinsi alivyokunywa damu ya mtu. Na mmoja wao ni mhudumu wa altare. Je, si dhambi hiyo?"

Sikumjibu palepale. Nimefundisha shule za msingi kwa miaka 36, na nimejifunza kwamba mchezo ukitazamwa kutoka dirishani huonekana vingine kabisa ukitazamwa kutoka mkekani. Nilimwomba anipe nafasi nikaone kwa macho yangu. Nilikwenda Jumamosi mbili, hapa hapa Jangwani. Haya ninayoandika ndiyo majibu yangu kwake, na kwa wazazi wengine ambao huenda wana swali hilo hilo wakaona haya kuuliza.

Kwanza yafaa tujue mchezo wenyewe ni nini. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo unaoitwa Dungeons & Dragons. Ndani yake kila mchezaji hujitungia mhusika, akaandika kwenye karatasi jina lake, nguvu zake na udhaifu wake. Mmoja wao huwa msimulizi: yeye hueleza mahali walipo na mambo yanayotokea. Wengine husema wahusika wao wanafanya nini, na penye mashaka dadu huamua. Si lazima pawe na ubao wala kete, kwa kuwa ni hadithi inayotungwa na watu wengi kwa pamoja.

Mwaka 1991 Mmarekani mwingine, Mark Rein-Hagen, alitoa mchezo wa namna hiyo unaoitwa Vampire: The Masquerade. Katika hadithi za zamani za Ulaya, kama ile ya Dracula ambayo Bram Stoker aliitoa mwaka 1897, mnyonya damu aghalabu alikuwa adui wa kusakwa na kuuawa. Katika mchezo huu mambo yamegeuzwa. Mnyonya damu ndiye mhusika wako wewe. Ni mtu aliyekufa ambaye bado anatembea usiku, na hawezi kuendelea kuwako bila damu ya walio hai.

Vijana niliowaona walikipata kitabu cha mchezo huo kwa ndugu yao aliyesoma ng'ambo. Wao hawakutaka majumba ya mawe ya Ulaya. Walisema, "Bibi, sisi tuna wa kwetu." Basi wakamwita mhusika wao mumiani, wakamweka Kariakoo.

Hapo ndipo moyo wangu uliposhtuka, kwa maana vijana hawaujui uzito wa neno hilo kama tunavyoujua sisi. Nilikulia mtaa huu katika miaka ya sitini. Jua likizama mama zetu walituita, "Ingieni ndani, mumiani wasije wakawachukua!" Gari jekundu la zimamoto likipita Barabara ya Morogoro tulitawanyika kama vifaranga waliomwona mwewe. Tuliamini kwamba wazimamoto hawazimi moto wowote, bali hukamata watu usiku, wakawaning'iniza na kuwatoa damu.

Imani hiyo haikuwa ya kwetu peke yetu. Katika enzi za ukoloni ilienea Tanganyika, Kenya na Uganda. Mwanahistoria Luise White aliandika kitabu kizima juu yake, Speaking with Vampires, kilichotoka mwaka 2000. Yeye hakuwacheka watu wale. Alionyesha kwamba hadithi zao zilibeba mambo ya kweli ya maisha chini ya ukoloni: sare, magari yasiyoeleweka, kazi za usiku, madawa, na amri ambazo hazikumweleza mtu sababu. Neno lenyewe ni la zamani kuliko magari hayo. Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyohaririwa na Frederick Johnson, ya mwaka 1939, inaeleza mumiani kuwa dawa nyeusi kama utomvu, iliyotumiwa kutibu maumivu na mifupa iliyovunjika, ambayo watu wengine walidhani imetengenezwa kwa damu ya binadamu. Jina la dawa likahamia kwa mtu aliyedhaniwa kuitafuta.

Tungekuwa na hadithi tu, nisingeshtuka. Lakini mwaka 1959, pale Buguruni, hofu ya mumiani ilizusha ghasia na askari polisi akauawa. Wala tusiseme hayo yalikuwa mambo ya watu wa kale. Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino mkoani Dodoma, watafiti wawili wa kilimo kutoka kituo cha Selian, Arusha, pamoja na dereva wao, walidhaniwa kuwa wanyonya damu. Walikuwa wamekwenda kwa kazi ya kupima udongo. Waliuawa na kuchomwa moto. Mwaka uliofuata, huko Malawi, watu kadhaa waliuawa na makundi kwa tuhuma hiyo hiyo.

Kwa hiyo mama aliyeniuliza hakuwa na hofu ya bure. Neno mumiani limemwaga damu halisi katika nchi yetu. Lakini naomba tutazame kwa makini kidole kilielekea wapi katika habari hizo. Kila mara mumiani alikuwa mtu mwingine: mgeni, mwenye sare, mwenye gari, mwenye vifaa tusivyovijua. Hakuna hata siku moja ambapo umati ulikusanyika, kila mmoja akajiuliza, "Je, si mimi?" Aliyekuwa na damu mikononi siku ile ya Chamwino hakuwa yule aliyeitwa mnyonya damu.

Sasa tulitazame swali lenyewe. Je, kuigiza uovu humfanya mtu mwovu?

Wako wanaosema ndiyo, nao wana hoja. Mazoea hujenga tabia. Sisi walimu ndio wa kwanza kuamini hivyo; ndiyo maana tuliwaamkisha watoto wapange mistari kila asubuhi. Mtoto anayetamka matusi kila siku kwa mzaha, iko siku atayatamka bila mzaha. Huko Marekani, katika miaka ya themanini, wazazi wengi Wakristo waliupiga vita mchezo wa Dungeons & Dragons wakisema unawapeleka vijana kwenye uchawi na kujiua. Waliochunguza baadaye hawakupata ushahidi kwamba mchezo ule ndio ulioleta vifo hivyo. Hata hivyo mzazi aliyezika mtoto hatafuti takwimu, anatafuta sababu, na sitamlaumu.

Wako wengine wanaosema, "Ah, ni mchezo tu." Na hao nao sikubaliani nao. Hakuna mchezo tu. Mtoto hujifunza umama kwa kumbeba mwanasesere wa matambara, na hujifunza biashara kwa kuuza udongo kwenye vifuniko vya chupa. Kama mchezo hufundisha mema, basi waweza kufundisha mabaya pia. Nami nalijua hilo kwa sababu niliwahi kuyafundisha.

Jambo hili sijapata kuliandika popote. Lilitokea katika mwaka wangu wa pili wa kazi, nikiwa nimetoka chuo cha ualimu na moto mwingi kifuani. Wakati ule sote tulikuwa tukiimba habari za wanyonyaji. Tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967, mnyonyaji, kupe na mirija yalikuwa maneno ya kila siku, na katuni za magazeti zilimchora mtu mnene akifyonza jasho la wengine. Nikatunga igizo la kufunga muhula. Wanakijiji wanalima kwa pamoja, mumiani anakuja usiku kuwanyonya, wanamkamata na kumfukuza. Nilihitaji mtoto wa kuwa mumiani. Nikamchagua mvulana mmoja wa darasa la nne, mwembamba, mwenye macho mekundu, aliyelelewa na bibi yake, na ambaye watu wa kwao hawakujulikana vizuri pale mtaani. Kwa nini nilimchagua yeye? Kwa sababu niliona anafanana naye. Naandika hivyo kwa aibu.

Igizo lilifana. Wazazi walipiga makofi, mkuu wa shule akanipongeza mbele ya kamati. Muhula uliofuata watoto walimwita mvulana yule Mumiani. Akienda bombani wengine walikimbia na ndoo zao, wakicheka. Niliwakaripia mara mbili tatu nikadhani yamekwisha. Kabla ya muhula wa pili kumalizika aliacha kuja shule. Nilipokwenda nyumbani kwao, bibi yake aliniambia, "Amekwenda kwa mjomba wake, Mwalimu. Shule haitaki tena." Hakunikaripia. Alinikaribisha uji. Mtoto yule sijamwona mpaka leo.

Kwa miaka mingi nilidhani kosa langu lilikuwa kuleta jambo baya kama mumiani mbele ya watoto. Nilipokaa na vijana wale Jumamosi ya kwanza ndipo nilipoona kwamba nilikuwa sijalielewa kosa langu mwenyewe. Kosa halikuwa kwamba mumiani aliigizwa. Kosa lilikuwa kwamba mtoto mmoja alivishwa umumiani asioweza kuuvua, na wenzake wote wakafundishwa kwamba wao ni safi.

Katika meza ya vijana wale hakuna aliye safi. Kila mmoja ni mumiani. Hakuna wa kumnyooshea kidole, maana kidole chake mwenyewe kina damu.

Tena mchezo wenyewe una vipimo viwili vilivyonifanya nivae miwani nisome karatasi vizuri. Cha kwanza ni kipimo cha utu. Ndiyo, utu, vijana wamekitafsiri hivyo, na sioni neno bora. Kinakwenda mpaka 10, na mtu wa kawaida huwa kama kwenye 7. Mhusika akitenda ukatili bila kujuta, utu wake hushuka. Ukifika chini kabisa, mchezaji hunyang'anywa mhusika wake, kwa sababu sasa amekuwa mnyama, na mnyama hana la kuamua. Cha pili ni kipimo cha njaa, ambacho katika toleo la mwaka 2018 huanzia 0 na kuishia 5. Njaa hupungua kwa kunywa, lakini haifiki sifuri isipokuwa mhusika amnyonye mtu mpaka afe. Basi mumiani anayetaka kubaki na utu hana budi kukubali kwamba kila usiku atabaki na njaa kidogo.

Nilifundisha maarifa na maadili miaka mingi, sikupata mfano uliokaa vizuri kuliko huo.

Binti mmoja, anayesomea uhasibu, alikuwa amejitungia mumiani asiye na meno marefu wala koti jeusi. Mhusika wake ni mwanamke nadhifu mwenye ofisi ndogo karibu na Mtaa wa Msimbazi, anayetoa mikopo ya haraka. Wasomaji wa Kariakoo mnaijua mikopo hiyo, na mnajua watu wameipa jina gani: kausha damu. Unachukua laki mbili leo, marejesho yanaanza upesi na riba yake ni kubwa, ukikosa wanakuja kubeba televisheni, godoro na hata mtungi wa gesi. Sikumfundisha mimi kuunganisha mambo hayo. Jina lilikuwako mtaani tayari, yeye akaliinua tu.

Usiku ule wa hadithi, mhusika wake alikuwa na njaa ya 4, na mbele yake alikuwapo mteja, muuza vitumbua, aliyechelewesha marejesho. Msimulizi hakusema "mteja" tu. Alimpa jina, akasema ana watoto wawili na mikono yake ina makovu ya mafuta. Akauliza, "Unakunywa kiasi gani?" Binti akatupa dadu, zikaja mbaya, mhusika wake akapitiliza. Utu ukashuka. Pakawa kimya mezani. Binti akaniangalia, akasema, "Bibi, mimi nilitaka alipe tu." Nikamwambia, "Hivyo ndivyo sote tunavyosema, mjukuu wangu."

Wapenzi wasomaji, mnakumbuka habari ya Mfalme Daudi alipomtwaa mke wa Uria, na Uria akauawa. Nabii Nathani hakuja na lawama. Alikuja na hadithi ya tajiri mwenye kondoo wengi aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake mmoja. Daudi aliwaka hasira, akamhukumu kifo mtu yule wa hadithi. Ndipo Nathani akamjulisha kwamba mtu huyo ni yeye mwenyewe. Daudi alikuwa amemwona mumiani wazi kabisa maadamu alikuwa mtu mwingine. Ilibidi hadithi imzunguke, imwingie kwa mlango wa nyuma. Mchezo unaomtaka mchezaji aseme "mumiani ni mimi" waweza kufanya kazi ya namna hiyo, ukichezwa vizuri.

Nasema ukichezwa vizuri, kwa sababu si kila mhusika anafaa. Jumamosi ile ile kijana mmoja alikuwa amejitungia ajuza mwenye macho mekundu, anayeishi peke yake na kunyonya watoto. Nilimwuliza, "Macho hayo ni ya nani?" Akasema ni ya kutisha tu. Nikamweleza kwamba huko Usukumani akina mama wazee wengi wameuawa kwa kuitwa wachawi, wengine kwa sababu ya macho yaliyowekundu kwa moshi wa kupikia miaka 50. Nikamweleza pia kwamba ndugu zetu wenye ualbino waliwindwa kwa hadithi za namna hiyo hiyo. Sikumwambia habari ya mvulana wangu. Alifikiri kidogo, akachukua ufutio.

Kwa hiyo, mama uliyeniuliza, na vijana wetu mnaotunga wahusika hawa, naweka mbele yenu mambo manne.

Kwanza, mumiani wenu asiazime sura ya watu walio hai. Asiwe wa kabila fulani, dini fulani, kazi fulani au umbile fulani ambalo mtoto mtaani atalitambua na kulikimbia. Watu wakitoka mezani wakawa wanamwogopa jirani, mmetunga umati wa Buguruni, hamkutunga mchezo.

Pili, njaa yake iwe njaa mnayoijua. Damu ni alama tu. Jiulizeni: huyu anaishi kwa kumaliza nini cha wenzake? Fedha, muda, sifa, utii? Mhusika ambaye njaa yake hamna hata chembe yake atawafundisha kiburi.

Tatu, anayenyonywa awe na jina. Nilimsifu msimulizi yule kwa makovu ya mafuta. Ukatili wote huanzia pale mtu anapokuwa "mteja", "mgeni" au "yule". Katika toleo hilo jipya la mchezo kila mhusika hupewa watu hai wanaomshikiza kwenye utu wake. Akiwapoteza, naye anapotea. Msiiruke sehemu hiyo kwa kukimbilia mapigano.

Nne, mlango wa kurudi usifungwe, na kila mtu avue mwisho wa mchezo. Nimewashauri vijana wale wamalize kwa kuitana majina yao ya ubatizo, wale kitu pamoja, na wasiitane mtaani kwa majina ya wahusika kamwe. Nawasihi mlishike hilo. Najua jina moja lililomfuata mtoto mpaka akakimbia shule.

Labda msomaji atauliza, "Lakini Mwalimu, damu! Sisi tunaokaribia kikombe kitakatifu, tukacheze habari za kunywa damu?" Swali hili nililibeba mpaka altareni Jumapili iliyofuata. Wakristo wa kwanza walisingiziwa na majirani zao kwamba hula watu katika ibada zao za siri. Kwa maneno ya kwetu, waliitwa mumiani. Tofauti nayo ni hii. Mumiani huishi kwa damu anayoichukua kwa mwingine. Bwana wetu alitoa ya kwake, watu wengine wapate kuishi. Kijana ambaye Jumamosi amekaa saa tatu akihesabu gharama ya kuchukua, sidhani kwamba Jumapili atakinywea kikombe kile kwa wepesi. Huenda akafikiri zaidi kuliko sisi tulionyanyuka pale kwa mazoea. Na asipofikiri, basi mchezo haukumsaidia, auache.

Jumamosi ya pili vijana walinishurutisha nitunge mhusika wangu. "Bibi, hutatazama tu." Nikachukua karatasi. Nikaandika: mwalimu mstaafu, mkazi wa Jangwani. Palipoandikwa anakunywa nini, nilikaa na kalamu kwa muda mrefu. Kisha nikaandika: sifa. Siku ile ya igizo nilikunywa makofi ya wazazi nikashiba, na aliyelipa ni mtoto wa darasa la nne. Nilikuwa nimelijua hilo miaka 40, lakini sikupata kuliandika kwa mkono wangu chini ya jina langu.

Nilipotoka pale nilitembea mpaka kituo cha mwendokasi cha Fire, kilichopata jina kwa hao wazimamoto tuliowakimbia. Nikawakumbuka tarehe 16 Novemba 2024, ghorofa lilipoporomoka Kariakoo na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Wazimamoto walikuwa miongoni mwa waliochimba kifusi kwa siku kadhaa kuwatafuta waliofukiwa. Hao ndio mumiani wa utoto wangu.

Basi jibu langu, mama, ni hili. Kuigiza mumiani si dhambi kwa yule anayejua kwamba anajitazama mwenyewe, na aliye tayari kuvua. Kumvisha mwingine umumiani ni dhambi, hata kama hakuna dadu wala meza, na hata kama tunafanya hivyo tukiwa tumetoka kusali. Usiwafukuze vijana wale. Pika chai, kaa nao usiku mmoja, uwaulize mumiani wao wana njaa ya nini. Nao wakikuuliza na wewe, uwajibu.

Na kama yuko msomaji aliyesoma darasa la nne katika miaka ya themanini, akaitwa jina ambalo hakulichagua kwa sababu ya igizo la mwalimu kijana, popote alipo, namwomba anisamehe. Sasa hivi hata jina lake halisi naliita katika sala zangu kila jioni.

Bwana atulinde sote, atupe macho ya kujiona.